Damu kwa Niaba ya Mtaa

Mtani wangu Twaha Mwishehe ana kazi isiyo na mshahara wala bosi, na hajawahi kuikosa hata siku moja. Kazi yake ni kuwakilisha. Una msiba Mbagala na huwezi kwenda, Twaha anakwenda. Una harusi ya mtoto wa shangazi kule Bunju na huyo shangazi mmenuniana, Twaha anakwenda, anakula pilau lako, anafikisha salamu zako, na jioni anarudi kukueleza nani alikuulizia na nani hakukuulizia. Hapa mtaani kwetu Mtoni kuna watu hawajahudhuria mazishi ya jamaa zao wenyewe tangu Twaha alipostaafu.

Kabla ya kustaafu alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini. Miaka yote hiyo alibeba bahasha za watu na maneno ya watu, akipanda ngazi na kushuka, na nadhani huko ndiko alikoharibikia. Alistaafu na koti moja la kijivu na imani moja kichwani, kwamba mtu ni jina lake. "Jina likifika, mtu kafika," husema, kidevu juu, utadhani anatoa fatwa. Amehudhuria vikao vya wazazi pale shule ya msingi kwa niaba ya wazazi wengi kiasi kwamba mwalimu mkuu mpya alimwita pembeni siku moja, akamshauri kwa upole kuhusu uzazi wa mpango.

Mimi naitwa Demetria. Ni fundi cherehani, na kibaraza changu kinatazamana na mlango wa Twaha. Marehemu baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Twaha ni Mzaramo wa hapahapa, kwa hiyo tu watani, na mtani hana adabu kwa mtani wake. Siku ya msiba wa mama yake nilijilaza mlangoni nikazuia jeneza lisitoke mpaka nipewe chai, nikapewa, na ya pili nikaongezewa. Nimeshamtangazia Twaha kifo chake mara nyingi, nikaenda mpaka kwake kuchagua kanzu nitakazorithi. Yeye hunijibu kwamba nitatangulia mimi, kwa kuponzwa na mdomo. Mkewe, Mwanaasha, hutusikiliza akichambua mchele na kucheka kimya kimya.

Sasa, mwaka jana baada ya masika ukaja mradi. Sisi Mtoni miradi tumeiona: wa vyoo, wa majiko sanifu, wa kuku wa kisasa waliokufa kizamani. Huu ulikuwa wa moyo. Uliongozwa na Dokta Godlisten, Mchaga mpole mwenye shati lililonyooka, ambaye alikuja na mashine yake akiipakata mapajani garini kama mtoto wa kwanza. Uzinduzi ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, singeli la kupasua masikio, na wageni rasmi ambao kila mmoja alisema hatazungumza mengi. Mashine yenyewe, ambayo haikuzidi redio ya mezani, ilisubiri chini ya kitambaa mpaka wote wakamaliza kutozungumza mengi.

Dokta Godlisten alipopewa nafasi alieleza vizuri, hilo simnyimi. "Moyo ukielemewa," alisema, "unamwaga protini fulani kwenye damu. Ni kidogo sana, hamuwezi kuiona kwa macho. Ndani ya mashine hii kuna kipande cha kioo, na juu ya kioo tumepandikiza vinasa. Vinasa hivyo vinaishika protini hiyo peke yake, nyingine zote zinapita zake. Halafu tunapitisha mwanga chini ya kioo. Protini zikinaswa nyingi, mwanga unabadilika, mashine inayasoma mabadiliko hayo na kutupa namba. Tone moja la damu ya kidole linatosha. Tunajua moyo umechoka kabla hujaanguka."

Gaspar, fundi magari wa pale kona, alinyoosha mkono. "Dokta, huo mwanga unaonaga na mambo mengine?"

"Hapana. Protini hiyo tu."

Gaspar akakaa chini akiwa na amani kubwa.

Mimi nilipima siku hiyohiyo kwa sababu kila aliyepima alipewa mche wa sabuni. Moyo wangu ulikuwa mzima, wakanipa sabuni, nikarudi kwenye cherehani. Lakini turubai lilipokunjwa na singeli kwenda zake, watu hawakurudi. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, na Mtoni tumegundua kwamba usiku wa giza una usingizi mzuri. Mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti akitangaza kwamba tunatia aibu, kwamba mitaa mingine imejitokeza, na kwamba kila nyumba itoe mtu mzima mmoja. Nyumba zikatoa mtu mzima mmoja. Zote zilimtoa yuleyule.

Alianza Gaspar. "Mzee Twaha, shikamoo. Kaniwakilishe pale kwa dokta, mie nimebanwa na injini ya mtu." Akafuata Tunu, mama lishe, ambaye hakuweza kuacha sufuria la wali motoni. Kisha akaja Mwalimu Nikodemu wa sekondari, anayefundisha baiolojia na anayeogopa sindano kuliko wanafunzi wanavyoogopa fimbo yake. Wakafuata na wengine. Twaha hakumkatalia hata mmoja, hajui kukataa. Aliamka, akavaa koti, akaenda kutoa kidole.

Haya mengine alinisimulia mwenyewe, kwa majivuno, akiwa ameketi kibarazani kwangu. Pale mezani aliketi karani mwenye kishikwambi, na macho ya karani hayakutoka kwenye kishikwambi.

"Jina?"

"Gaspar."

Siku nyingine: "Jina?"

"Mwalimu Nikodemu."

Siku nyingine: "Jina?"

"Tunu."

"Una ujauzito?" karani aliuliza, kidole kikiwa tayari kubonyeza.

"Kwa sasa hapana," alijibu Twaha, maana humwakilisha mtu kwa uangalifu.

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Mashine iliyotoka ng'ambo ilikuwa inaona kitu kisichoonekana kwa macho, na wenye mashine hawakuziona ndevu za Tunu. Nikamuuliza, na wewe mwenyewe je, umepima? "Mie?" alisema. "Si naendaga pale kila siku."

Nilicheka siku ile, na sasa nikikumbuka sicheki. Kwa sababu mtani wangu hakuwa sawa, na mimi na Mwanaasha tulikuwa tunaona. Akitoka barabarani ilikuwa lazima apumzike kwangu kabla ya kuvuka kwenda kwake, na kutoka kwangu hadi kwake ni hatua za kuhesabu kwa vidole. Alijifanya amekuja kunisalimia, halafu akaketi huku kifua kikipanda na kushuka. Viatu havikumwingia tena. Alidai kwamba viatu vya siku hizi vinasinyaa. Mwanaasha aliniambia kwamba mito yote ya nyumba anayo yeye, kwamba akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo analala ameketi. "Kila nikimwambia hospitali, ananiuliza nani anaumwa tumpeleke," Mwanaasha alisema.

Baada ya uzinduzi majibu hayakutolewa tena mezani, yalikuja kwa namba za simu ambazo Twaha alikuwa ameziandikisha. Kila mtu aliyewakilishwa alipigiwa: moyo wako umeelemewa, namba yako iko juu mno, njoo haraka.

Hapa ndipo utakapotujua watu wa Mtoni. Hawa wote walijua kwamba hawakutoa tone la damu. Gaspar alicheka alipopokea simu. Baadaye kidogo akaanza kujishika kifua. Keshoye akaacha bia, na jioni yake akamkalisha mkewe na kumwomba radhi kwa ajili ya mtoto aliyemzaa Mbagala, mtoto ambaye mkewe hakuwa na habari naye. Tunu akaanza kuwagawia majirani khanga zake za doti, akilia. Mwalimu Nikodemu aliweka fimbo chini na kuwaita wanafunzi "wanangu," wanafunzi wakamwombea ugonjwa uendelee. Daktari amesema jina lako. Wewe ni nani ubishane na jina lako?

Hofu ilipowapungua wakaja kwa Twaha, baada ya swala ya alasiri, wakajaa barazani. Mimi nilikuwepo, nampima Mwanaasha gauni. Tatizo lao lilikuwa hili: wakisema damu si yao, wataonekana wamemdanganya dokta na kumwaibisha mwenyekiti. Wasiposema, watameza vidonge vya moyo na mioyo yao mizima. Walizunguka hapo muda mrefu. Mwisho Mwalimu Nikodemu, msomi wetu, akapata dawa.

"Turudi tukapime tena," alisema, "safari hii kila mtu na kidole chake. Namba zitashuka. Tutasema mashine mbovu."

"Hilo neno," alisema Twaha.

Wote wakashusha pumzi. Nikawatazama mmoja mmoja nikidhani yupo atakayesema. Hayupo. Nikaona niseme mimi.

"Nyie watu, hiyo damu yote si ni ya huyu hapa? Namba zote zile ni zake. Mgonjwa ni yeye. Mtani, wewe unakufa."

Baraza zima likaangua kicheko. Tunu alijifuta machozi kwa pindo la khanga. Gaspar akapiga goti lake. "Mnyamwezi kaanza," alisema mmoja.

"Kanzu zangu hupati," alisema Twaha, naye anacheka, na kicheko kikamgeuka kikohozi.

"Sitanii," nilisema.

Wakacheka zaidi, maana utani wa mtu anayesema hatanii ndio mtamu. Nilisema mara ya tatu, nikapandisha sauti, nikataja miguu, nikataja mito, na kila nilichotaja kiliwaongezea raha. Miaka yote nilikuwa nimemzika mtu huyu kwa mdomo, na siku nilipokuwa na neno la kweli mdomo wangu haukuwa na thamani. Nilimwona Mwanaasha peke yake hacheki, futi yangu ya kupimia ikiwa bado mabegani kwake. Nilirudi kwangu na hasira mpaka nikashona mkono wa gauni upande usio wake, nikafumua, nikashona tena vibaya.

Walipoondoka nilimfuata. Nikamwambia taratibu, bila matusi, jambo lililomshangaza. Akanisikiliza, halafu akanijibu kwa busara ya tarishi.

"Demetria, damu ilikuwa yangu, ndiyo. Lakini niliitoa kwa niaba. Mtu wa posta akikuletea barua ya msiba, msiba unakuwa wake? Ule ugonjwa ni wa wenyewe."

"Wenyewe ni wazima."

"Basi mashine mbovu," alisema, akafunga mjadala. Sijui kama aliamini. Nadhani alikuwa anaogopa, na hakuwa na mtu wa kumtuma akaogope badala yake.

Wakaenda kupima kwa vidole vyao. Namba zikashuka zote. Habari zikaenea kwamba mashine ya dokta inatangazia watu vifo vya uongo, na mwenyekiti akaitisha mkutano wa hadhara ili mashine iondolewe mtaani. Dokta Godlisten alikuja, akaketi mbele ameikumbatia. Na nani azungumze kwa niaba ya wananchi? Mnamjua.

Twaha alisimama na koti lake. Alitoa salamu kwa viongozi kwa mpangilio wao, hakumsahau hata mmoja. "Sisi wananchi wa Mtoni," alianza, akavuta pumzi. "Mashine hii imetutia hofu bure." Akavuta nyingine. "Sisi wananchi..." Akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, akabaki hapo, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Watu walidhani ni uchungu wa maneno. Wengine wakapiga makofi.

Mwanaasha akasimama. Ni mwanamke ambaye hata kwenye kikoba chao huchangia kwa kutikisa kichwa. "Daktari," alisema, "mashine yako haijakosea. Damu zote zile ni za huyu mume wangu. Alikuwa anawatolea watu. Analala ameketi. Miguu yake ukiibonyeza, shimo linabaki."

Yeye si mtani wa mtu pale. Hakuna aliyecheka.

Dokta Godlisten aliinuka polepole, na uso wake ukaanza kung'aa. "Mtu mmoja?" alisema. "Siku tofauti, majina tofauti, mtu mmoja? Ndiyo maana namba zote zilikaribiana! Mwezi mzima sijalala vizuri. Ndugu wananchi, mnaelewa maana yake? Mashine imempima mtu mmoja mara nyingi, na kila mara imetoa karibu jibu lilelile. Huu ni ushahidi mzuri kuliko tuliokuwa tunautafuta."

Mwenyekiti, kuona dokta amefurahi, akaamuru makofi ya kilo. Tukaipigia mashine makofi. Waliokuja kuifukuza waliipigia kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa hakuna aliyeuliza nani alimtuma nani. Twaha alikuwa bado ameshika kile kiti.

Mwanaasha alingoja makofi yaishe. "Na yeye?" aliuliza.

Dokta aligutuka, na niseme kweli, aliona haya. Alimkimbilia Twaha, akamkalisha, akamshika mkono. Alisema apelekwe hospitali leo leo. Lakini mradi wao, alisema kwa sauti ya chini, ni wa kugundua tu. Kutibu kuko kwa wengine. Isitoshe, mzee mwenyewe, kwa jina lake, hakuwahi kushiriki kwenye mradi.

Hospitali hakwenda. Alirudi nyumbani amemnunia mkewe kwa kumvunjia heshima mbele ya watu, akaketi kwenye mito yake, akasema ni mzima. Siku zikapita na hakuna jirani aliyekuja kumpa pole. Nilikasirika, nikamfuata Gaspar gereji kumuuliza, akanijibu anataka sana kuja ila kazi zimembana. Halafu nikaelewa. Mtaa mzima ulikuwa umezoea kumtuma Twaha kutoa pole, na yeye ndiye aliyekuwa anaumwa.

Asubuhi moja Mwanaasha akavuka barabara kuja kwangu, hajachana hata nywele. "Dada Demetria, ugua," alisema.

"Niugue nini?"

"Chochote. Kwa ajili yake haendi. Akisikia ni wewe atakupeleka."

Basi nikaugua. Nilijilaza kwenye mkeka kibarazani nikashika tumbo na kulia kwa sauti, na nilikuwa na mengi ya kulilia, kwa hiyo haikunipa shida. Twaha akatokea mlangoni, miguu mitupu imevimba. Aliniangalia. Nilidhani atacheka, atauliza urithi wa cherehani yangu. Hakucheka. "Mwanaasha, niletee nguo," alisema. "Mtani huyu hana ndugu hapa mjini, lazima apate mtu wa kumsemea." Gaspar, aliyekuwa ameshafuatwa, akaja na gari la mteja wake.

Njiani alinishika mkono muda wote. Alisema nisiogope, yeye atazungumza na madaktari, mimi nitulie tu. Maneno yalimtoka mojamoja, na katikati yake nilisikia kifua kikipiga filimbi. Nililia kweli sasa. Akanipangusa machozi kwa kiganja, akaniambia kumbe Wanyamwezi nao ni waoga.

Mapokezi palikuwa na muuguzi mwanamke, mtu mzima, mchovu. Twaha alitangulia mbele yetu. "Asalaam aleykum," alisema. "Nimekuja hapa kwa niaba ya..."

Pumzi ikamkatikia hapo. Akaegemea dirisha kwa mikono yote miwili, akaanza kuteleza chini, nami niliyekuwa mgonjwa nikajikuta nimemdaka kiunoni. Alinitazama nilivyosimama imara. Akageuka kumtazama Mwanaasha na kikapu alichokibeba: shuka lake, mswaki wake, msuli wake wa bluu. Hakikuwa na nguo ya kike hata moja. Aliangalia kile kikapu muda mrefu, na Gaspar nyuma yetu akainamisha kichwa.

"Mgonjwa nani, wazee wangu?" aliuliza muuguzi.

Sikusema. Nikisema mimi ni utani. Mwanaasha naye alinyamaza, alikwisha kusema mara moja mbele ya watu na ilitosha. Tulisimama pale wote watatu tukimsubiri yeye aseme, tulivyozoea.

"Mie," alisema Twaha. "Twaha Mwishehe. Sijatumwa na mtu."